Filamu 7 tutakazoonyesha Mji Mkongwe baada ya Idi, na neno moja linalonishinda kulitafsiri

#1 MshumaaWaVuga (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau, na habari za siku nyingi kwenu nyote.

Ratiba yetu imekamilika. Ukumbi wetu mdogo wa Mji Mkongwe utafungua mlango Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, na kuanzia hapo kila Ijumaa baada ya sala ya Isha kutakuwa na filamu moja. Filamu ni 7, viti ni 60, kiingilio shilingi 3,000, wanafunzi nusu. Wenzangu waliniambia nibandike tangazo fupi tu. Nimeshindwa. Kila filamu humu tumeigombania, na napenda mjue imeingiaje. Halafu mwisho nina ombi: kuna neno moja nimekwama nalo wiki ya tatu sasa, na nahisi humu yumo mtu wa kunikwamua.

Kwanza ukumbi wenyewe. Ni chumba cha ghorofani katika nyumba ya zamani, kuta za mawe na chokaa, dari la boriti. Mnaozijua nyumba zetu mnaelewa: boriti ya mkoko haivuki mbali, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Viti vimekaa vinne vinne, safu 15. Siku tuliyojaribu sauti mara ya kwanza mwangwi ulimeza maneno yote. Tukatundika mikeka ya ukili kuta zote mbili, tukatandika majamvi chini, na sasa mtu akinong'ona kwenye filamu anasikika hadi safu ya nyuma. Umeme ukikatika tuna betri ya kuiacha taa ya projekta ipoe taratibu, kisha jenereta la uani linashika kazi. Hilo tulijifunza kwa hasara, maana taa ya kwanza ilitufia usiku wa majaribio, ilipozimika ghafla ikiwa moto.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba ukumbi wa namna hii ni mambo ya wageni. Hapana jamani. Mji huu ulikuwa na Royal pale Vuga tangu mwaka 1921. Ikaungua miaka ya 1950, ikajengwa upya ikawa Majestic. Kulikuwa na Empire. Kulikuwa na Sultana kule Malindi, ambayo baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique. Bibi zetu walikuwa na maonyesho yao ya zanana, wanawake peke yao, mabuibui yametundikwa na watoto mapajani. Leo tunalo Tamasha la Nchi za Jahazi, limeanza mwaka 1998, na Ngome Kongwe inajaa. Lakini tamasha ni siku chache kwa mwaka. Wiki nyengine zote, kijana wa Kiponda anayetaka kuona filamu nzuri kwenye pazia kubwa aende wapi?

Sasa filamu.

Tunafungua na Arusi ya Mariamu (1985) ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Ni dakika 36 tu na ni ya Kiswahili. Mwanamke anaumwa, hospitali hazimsaidii, mumewe anataka ampeleke kwa mganga, naye mganga ndiye anayemwogopa kuliko maradhi. Fupi, na baada yake tutabaki kuzungumza.

Ijumaa ya pili ni La Noire de... ya Ousmane Sembène (1966). Nitairudia chini.

Ya tatu Yeelen ya Souleymane Cissé, kutoka Mali, iliyopata tuzo ya jopo la waamuzi Cannes mwaka 1987. Baba mwenye nguvu za uganga anamwinda mwanawe ili amuue. Mwanga wake sijauona kwenye filamu nyengine yoyote. Njooni tu.

Ya nne Makala (2017). Mchoma makaa wa Katanga anakata mti, anauchoma, anapakia magunia kwenye baiskeli na kuisukuma karibu kilomita 50 hadi Kolwezi akauze. Watu wa humo wanazungumza Kiswahili, na hata hivyo tumeiwekea maandishi ya Kiswahili. Mtanielewa mkiiona.

Ya tano Hyènes ya Djibril Diop Mambéty (1992). Mwanamke aliyefukuzwa kijijini kwa aibu anarudi uzeeni akiwa tajiri wa kutisha, anawaahidi wanakijiji fedha wasizowahi kuziota, kwa sharti wamuue mwanamume aliyemtenda. Kila siku katika filamu hiyo watu wanazidi kuvaa viatu vipya kwa mkopo. Nimeitazama mara nne, na viatu hivyo ndivyo vinavyonitisha.

Ya sita ni ya Jumapili alasiri badala ya Ijumaa usiku, kwa ajili ya wazee: Awara ya Raj Kapoor (1951). Tutaonyesha yote, na mapumziko katikati, kahawa na kashata. Hakimu anamfukuza mkewe mjamzito, mtoto anakulia mitaani akawa mwizi, na siku moja analetwa kizimbani. Hakimu huyo kaigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj.

Tunafunga na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), kutoka riwaya ya Adam Shafi. Yasmin na Denge wakipita kwenye vichochoro hivi hivi mtakavyopita nyinyi kuja ukumbini. Najua wengi mmeiona. Kuiona ukiwa hatua mia kutoka kwenye kuta zenyewe ni jambo jengine.

Filamu zote zimelipiwa haki ya kuonyeshwa, na zimepelekwa kukaguliwa kama sheria inavyotaka. Na zote zisizo za Kiswahili tumeziandikia maandishi ya Kiswahili chini ya picha, sisi wenyewe, mstari kwa mstari. Kazi hiyo imekula miezi mitano. Filamu hizi za Waafrika wenzetu zimetafsiriwa Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani. Kwa Kiswahili sisi tulizikuta mikono mitupu.

Na hapo ndipo nilipokwama. La Noire de... ni habari ya Diouana, binti wa Dakar. Anakaa sokoni na wenzake wakingoja kuchaguliwa kazi. Bibi wa Kifaransa anamchagua yeye kwa sababu wengine wanasukumana na yeye katulia. Anapewa kulea watoto. Halafu anapelekwa Ufaransa, Antibes, mji wa pwani, na kule kazi inageuka: kupika, kufua, kusafisha, mlango umefungwa. Ile pwani nzuri anaiona dirishani tu. Filamu nzima Diouana anamwita yule mwajiri wake "Madame". Niandike nini? "Bibi"? "Bi mkubwa"? "Madamu"? "Mama"? Kila moja inabadilisha filamu nzima. Wenye dada, shangazi au mama waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, naomba mniambie: walimwitaje?

#2 KitiChaMbele

Hongera sana mleta uzi. Nimeshatia alama Ijumaa zote. Nauliza: Yeelen inafaa mtoto wa miaka 10? Wangu anapenda habari za uganga mpaka basi.

#3 MshumaaWaVuga

Yeelen kaa naye karibu, umweleze. La Noire de... na Hyènes mwache nyumbani, zina vifo vizito. Awara mlete, na umlete na babu yake.

#4 ChokaaNyeupe

Mwanangu, umenitoa machozi kwa hiyo Awara. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli, nauza njugu nje ya sinema siku za Jumapili. Tiketi zikiisha dirishani zinahamia mikononi mwa walanguzi, bei inapanda, na watu wananunua vivyo hivyo. Nyimbo zake tulizijua zote bila kujua neno moja la Kihindi. Nilikuwa na rafiki alikaa Jumapili nzima nje ya ukuta kwa sababu hana pesa, akisikiliza sauti tu, na jioni akatusimulia filamu aliyoitunga mwenyewe kutokana na sauti ile. Alikosea karibu yote isipokuwa kilio cha mama.

Sasa ushauri wa mzee: nyimbo musiziandikie maandishi. Waacheni watu waimbe. Ukimwekea mtu maneno chini ya wimbo anaoupenda, anaacha kuimba anaanza kusoma.

#5 MshumaaWaVuga

Mzee wangu, shikamoo. Nyimbo zitabaki bila maandishi, nimeshawaambia wenzangu leo. Na kiti cha mbele kabisa ni chako, hulipi.

#6 KariakooUsiku

Mkuu, ratiba nzuri, nitapanda boti kuja. Lakini nina hoja nzito, naomba usiichukulie vibaya.

Sembène kabla ya filamu alikuwa mwandishi wa vitabu. Alikuwa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya, akaona kwamba watu anaowaandikia hawawezi kusoma Kifaransa chake. Ndiyo sababu akiwa na umri wa karibu miaka 40 akaenda Moscow kujifunza filamu. Alihamia kwenye picha ili amfikie asiyesoma. Sasa nyinyi mnachukua filamu ya mtu huyo na kumwambia bibi yangu wa Mbagala asome maandishi, tena ya haraka, tena gizani, na macho yake yale?

Sisi huku tumekulia vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Lufufu, Mungu amrehemu, alikuwa akichukua filamu ya Hong Kong au ya Marekani na kuisimulia kwa mdomo, na kibanda kizima kinaelewa, mpaka mama muuza maandazi aliyesimama mlangoni. Msomi anaweza kusema kaongeza chumvi. Sawa, kaongeza. Lakini hakuna aliyeachwa nje. Kwa nini msitumie sauti?

#7 MshumaaWaVuga

Ndugu yangu wa Kariakoo, hoja yako imenikaa kifuani tangu asubuhi.

Nieleze kwanza tulivyofikia kwenye maandishi. Tuliona sauti ya mwigizaji ni nusu ya kazi yake. Ukimfunika kwa sauti ya mtu mwengine unamwondoa. Kwa hiyo tukasema tuandike, lakini tuandike vizuri. Na kuandika huku si mchezo. Unayo mistari miwili tu, kila mstari herufi kama 40, na ikikaa sana kwenye picha ni sekunde sita. Kiswahili chetu kinabana mengi kwenye neno moja, na jicho linapolikuta neno refu linasimama. Nimewahi kuandika "Kama ningelijua nisingelikuja". Kwa Kiunguja ni tamu mno. Nikaihesabu, herufi na nafasi zake ni 29. Mwenzangu akaniambia andika "Ningejua nisingekuja", ni 20. Nilikataa siku mbili. Kisha tukaitazama pamoja na mama mmoja jirani; ile ndefu hakuimaliza, ile fupi alishusha pumzi. Nikaikata.

Umeona lakini, huyo mama jirani anasoma. Bibi yako hasomi. Na kuhusu Sembène umesema kweli tupu, sina pa kupitia. Nipe siku mbili tatu nifikiri.

#8 MtuWaLikasi

Mimi ni mtu wa Katanga, sasa niko Ubelgiji. Nafurahi kuona Makala itafika kwenu. Kwetu mkaa tunasema makala, basi kichwa cha filamu hakina siri yoyote kwetu. Ni kile kitu unachokiona barabarani kila asubuhi, baiskeli imefunikwa na magunia mpaka humuoni mwenye kuisukuma.

Ninaomba kitu kimoja. Musituandike kana kwamba tunakosea. Kwetu bantu banasema "bintu", nanyi munasema "vitu". Hiyo si Kiswahili kibovu, ni Kiswahili chetu, baba zetu walikitumia ndani ya migodi wakiwa watu wa makabila mengi. Watu wa pwani wakikisikia wanacheka. Katika filamu hiyo kuna mahali yule mtu anauliza bei ya mabati ya nyumba yake, na anapoambiwa, anahesabu ni magunia mangapi. Ukicheka hapo umepoteza filamu yote.

#9 MshumaaWaVuga

Kaka, nakushukuru. Kabla ya filamu kuanza nitasimama nisome ujumbe wako huu, ukiniruhusu. Kwenye maandishi hatukusahihisha mtu. Tuliandika maana kwa Kiswahili kinachosomeka Unguja, na sauti yao inabaki juu, isikike ilivyo. Sehemu ya mabati tumeiacha bila maandishi kabisa baada ya bei kutajwa. Uso wake unatosha.

#10 MtuWaLikasi

Usome. Na uwaambie wafunge simu.

#11 KuvuliKiziwi

Naunga mkono ukumbi, ila nina neno. Angalieni orodha yenu: mtumishi anayeteswa, mchoma makaa maskini, kijiji chenye njaa ya pesa. Filamu za Kiafrika zinazopendwa na matamasha ya Ulaya ni hizo hizo. Na hiyo Makala imeongozwa na Mfaransa, Emmanuel Gras, si Mkongo. Sisi tutajiona lini tukicheka, tukipendana, tukiishi?

#12 MshumaaWaVuga

Ni swali la haki, na nilikuwa upande wako tulipoanza kuchagua. Makala niliipinga mimi mwenyewe kwa sababu hiyo uliyoitaja. Kilichonigeuza ni urefu wa picha. Kamera inakaa nyuma ya baiskeli ile muda mrefu hata unaacha kumhurumia mtu yule, unaanza kuangalia ufundi wake: gunia limefungwaje, fimbo ya kusukumia imewekwa wapi, kilima anakipandaje kwa kukata pembe. Nikaona nilichokiita umaskini kabla sijaitazama kilikuwa uvivu wangu wa kutazama.

Lakini kuhusu kicheko umenishika. Yeelen ina mapenzi, Vuta N'Kuvute ina mapenzi, Hyènes inachekesha kwa ukali, na bado orodha ni nzito. Msimu ujao nataka Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya (2018), mtoto mgonjwa anayeamini yeye ni shujaa mwenye nguvu za ajabu na kijiji kizima kinamsaidia kutengeneza filamu yake. Utalia nayo, ila utacheka kwanza. Niletee na mapendekezo yako, nitayapeleka kwenye kikao kwa jina lako la humu.

#13 KuvuliKiziwi

Nimeridhika. Nitakuja Makala nikaangalie hiyo fimbo.

#14 BintiWaMtoni

Nimekuwa nikisoma uzi huu usiku tatu bila kuandika. Nitaandika sasa.

Nilifanya kazi Muscat miaka miwili. Umeuliza walimwitaje. Mimi nilimwita Mama.

Si kwa kupenda. Siku ya kwanza niliambiwa hivyo. Na lugha hatukuwa na shida nayo, yule bibi alikijua Kiswahili vizuri, wazee wake walitoka huku huku kwetu. Alinipokea kwa Kiswahili, akaniuliza habari za Darajani. Nilifurahi siku ile, nikadhani nimefika kwa watu wangu. Nilipoondoka nyumbani niliambiwa kazi ni mtoto mmoja mchanga. Nilipofika, nyumba ina ghorofa mbili na watu tisa, na kila asubuhi nyumba ya mkwewe pia ni mimi.

Hakunipiga. Nasema hivyo kwa sababu watu hapa wakisikia Uarabuni wanadhani ni kupigwa tu. Lakini kumwita mtu Mama, kwa lugha yangu, lugha niliyomwitia mama yangu, halafu mtu huyo ndiye aliyeweka pasi yangu ya kusafiria kabatini na ufunguo uko shingoni mwake, hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Simu nilipewa siku ya Ijumaa. Nikimpigia mama yangu mzazi, neno "mama" linanitoka kwa uzito. Akaniuliza siku moja, mbona waniita kama unaogopa?

Kwa hiyo mimi nasema uandike "Mama".

Na nina swali. Huyo dada, mwisho anarudi kwao?

#15 MshumaaWaVuga

Dada yangu, ahsante kwa kuandika, na pole. Nimekaa na maneno yako kabla ya kujibu.

Swali lako nitalijibu wazi, na wengine msiotaka kujua mwisho rukeni ujumbe huu. Harudi. Anajiua kule kule, ndani ya nyumba ile. Kinachorudi Dakar ni sanduku lake na kinyago alichowapa waajiri wake kama zawadi mwanzoni. Yule bwana, mume wa Madame, anakipeleka mwenyewe kwa mama yake binti, na pesa za mshahara, na mama anazikataa. Kisha mtoto mdogo anakivaa kinyago na kumfuata yule bwana nyuma nyuma mpaka anakimbilia garini. Nakwambia mapema ili kama hutaki kuiona, usije. Na ukija, kuna kiti karibu na mlango, na mmoja wetu wa kike atakuwa hapo.

#16 MkondoWaNungwi

Mimi nilikuwa naandika kupendekeza "tajiri", maana wazee wetu pwani mwajiri walimwita tajiri. Nimelifuta. Dada Binti kashamaliza maneno.

#17 KariakooUsiku

Dada, heshima kwako. Mama yangu mdogo alikuwa Dubai, hakuwahi kutusimulia hata sentensi moja. Nimemtumia uzi huu. Kausoma, hajajibu, lakini kausoma.

#18 MshumaaWaVuga

Wadau, tumekaa kikao jana usiku. Haya ndiyo tuliyoamua.

"Madame" itaandikwa "Mama". Kuna mwenzetu aliogopa watazamaji watachanganya, kwa sababu mama mzazi wa Diouana pia yumo kwenye filamu. Tukaijaribu pazia likiwa limewashwa. Kweli kuna mahali pawili jicho linasita, linauliza: mama yupi? Tukakubaliana kwamba kusita huko kubaki.

La pili ni lako, ndugu wa Kariakoo. Filamu hiyo itaonyeshwa mara mbili. Ijumaa usiku na maandishi. Jumamosi alasiri, wanawake peke yao kama zanana za zamani, bila maandishi, kwa sauti. Nieleze kwa nini sauti sasa tumeona inafaa. Katika filamu yenyewe, yale mawazo ya Diouana tunayoyasikia akiwa peke yake jikoni si sauti ya Mbissine Thérèse Diop aliyemwigiza. Sauti ile aliiazima mwanamke mwengine, mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Na ni Kifaransa, lugha ambayo Diouana mwenyewe, kwa hali yake, asingeiwazia. Kwa hiyo mwanamke yule amekuwa akizungumza kwa koo la kuazima tangu mwaka 1966. Mimi niliyekuwa nikilinda sauti ya mwigizaji sikuwa nalijua hilo mpaka juzi nilipokuwa nakutafutia jibu. Tukimpa koo jengine, la Kiswahili, hatumnyang'anyi kitu.

Tutakaa na kipaza sauti kwenye kona ya chumba. Mazungumzo ya watu wengine yatasomwa kwa ufupi na mmoja wetu. Mawazo ya Diouana yanataka mwanamke. Si lazima awe mwigizaji. Hakuna kuigiza, ni kusoma polepole, na mwishoni yeye hasikiki tena, kwa hiyo msomaji ananyamaza kabla ya lile jambo zito.

Dada BintiWaMtoni, sikuombi. Nimeona si haki kulizungumza hili nyuma yako bila wewe kujua kwamba kikaoni kila mtu alikutaja. Ukisema hapana, au usiposema chochote, kwetu uko vilevile, na tutamtafuta mwengine.

#19 ChokaaNyeupe

Mwanangu, zanana mkizirudisha mkumbuke kuweka misumari ya kutundikia mabuibui. Empire ilikuwa nayo ukuta mzima.

#20 KitiChaMbele

Mama yangu kaniuliza hiyo ya Jumamosi tiketi zinakatwa wapi. Hajaingia sinema tangu Cine Afrique ifungwe.

#21 MshumaaWaVuga

Mwambie aje mlangoni, saa tisa na nusu. Hakuna kukata kabla kwa siku hiyo, ni viti 60 na majamvi mbele kwa atakayependa kukaa chini.

#22 BintiWaMtoni

Nimesoma.

Ni kurasa ngapi?

#23 MshumaaWaVuga

Mawazo yake peke yake ni kurasa sita, nimeyaandika kwa herufi kubwa.

#24 BintiWaMtoni

Nitumie. Nitayasoma kwanza nyumbani, mlango wazi, mama yangu akiwa uani. Nikifika ukurasa wa sita nitakuambia.